Kaburi Alilolileta Sudi Kutoka Kisiwani

Wandugu, nyinyi mnaopenda kusema "nimeona kwa macho yangu," sogeeni karibu. Jambo hili lilitokea kwetu hapa Kindu, na mimi ninayelisimulia sina haki ya kumcheka mtu, maana wengi wetu tulikuwa pale barazani tukisikiliza na kutaka tuongezewe.

Ilikuwa wakati wa Zaire, miaka ile ya salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, na abakosti, ile suti isiyo na tai, sote tukiitwa sitwayeni, yaani raia. Jumamosi moja, baada ya kusafisha barabara, wanaume wa mtaa wetu wa Alunguli walikaa barazani kwa Sudi wakinywa chai. Upepo wa mto ulikuwa unaingia vizuri. Hawa, dada yake mdogo, alikuwa pembeni anapepeta mchele. Sudi alikuwa karani wa tiketi katika kituo cha treni, ng'ambo ya mto, na siku hiyo alikuwa na habari: amepewa likizo ya mwezi mzima, na safari ya bure mpaka Kalemie.

"Lakini mimi sikomei Kalemie," akasema. "Nitavuka ziwa, nishike treni ya kule mpaka bahari. Nataka kuona Unguja."

Sisi watu wa Kindu tunajijua. Ukitaja Pwani, hata mtu ambaye babu yake alizaliwa Kailo, hapa jirani, anajiweka sawa kwenye kiti. Wazee wakamsomea Sudi dua ndefu, na akina mama wakamfungia chakula cha njiani.

Hawa hakumpa kitu. Alimfuata mlangoni tu. Mume wake, Hamadi, alikwenda Pwani kutafuta bidhaa, na sasa miaka mitatu imepita bila barua.

"Yaya, unitafutie bwana yangu," akamwambia kaka yake. "Ukimukuta, umwambie niko namungojea. Neno njo hilo tu."

"Nitamtafuta, Hawa. Wallahi."

Kalemie alimkuta Badibanga, rafiki yake wa reli, na Badibanga alikuwa mtu wa bia. Meli ya kuvuka ziwa iliondoka mara mbili. Mara ya kwanza Sudi alikuwa amelala. Mara ya pili alikuwa mezani, chupa ndiyo kwanza imefunguliwa. Mwezi ukaisha hivyo hivyo. Hapo aibu ikamshika: atarudi na uso gani, baada ya dua yote ile? Sokoni palikuwa na mchuuzi wa dagaa aliyewahi kuishi Unguja. Sudi akakaa naye siku mbili, akimuuliza watu wanaokwenda kutembea kule wanafanya nini. Yule mchuuzi, maskini, akamweleza yote kwa moyo mweupe.

Basi Sudi akarudi Kindu, na kisiwa kizima kimo mdomoni. Asubuhi, akatuambia, unaoga baharini, na chumvi ya maji inakubeba yenyewe. Mchana unatembezwa mashamba ya karafuu, unaangushiwa dafu. Jioni unakula pweza wa kuchoma pale ufukweni, ukishushia na maji ya miwa. Na usiondoke kabla hujapanda mashua kwenda kisiwa kidogo cha jirani, kuna kobe wakubwa, mutoto anaweza kumkalia mmoja mgongoni.

"Na Wamanyema wenzetu wa kule?" mtu akauliza.

"Walinichinjia mbuzi. Walikuja wote, hakubaki hata mmoja."

Wale kobe hawakumdhuru mtu. Ni uongo wa yule mbuzi uliomnasa Sudi.

"Yaya, kama walikuja wote," Hawa akasema, "Hamadi alikuwa wapi?"

"Sikumwona."

"Na hakuna muntu aliyesikia jina lake?"

Akauliza leo, akauliza kesho. Neno moja lingetosha, wandugu: sikufika. Lakini kulisema ni kuyameza tena maneno yake yote, mbuzi yule, na kobe, na dua ile, mbele ya watu walewale. Siku ya nne, wazee wakiwapo, Sudi akainamisha kichwa.

"Hawa, nilikuwa nakuficha. Hamadi alikufa kwa homa. Nilisoma Fatiha kwenye kaburi lake."

Hawa alikaa chini pale alipokuwa amesimama. Kitambaa cheupe cha eda alikinunua Sudi mwenyewe. Hitma ikasomwa, nguo za Hamadi zikagawiwa sadaka, na Hawa akajifungia ndani miezi minne na siku kumi. Kila Sudi alipopita mlango ule alimsikia akilia, na moyo ulimchoma kweli. Mara mbili alishika kizingiti ili aseme. Mara zote mbili mtu alimwita barazani: "Sudi, turudilie ile ya kobe." Naye akaenda akairudilia.

Eda ilipokwisha, Masudi, fundi cherehani, akaposa. Ni mtu mpole. Baba yao hakuwapo tena, kwa hiyo walii alikuwa Sudi, na ndiye aliyemwozesha dada yake kwa mkono wake.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, treni ya Kalemie iliingia saa nne asubuhi. Sudi alinyanyua macho dirishani kwake, akamwona Hamadi, amekonda, amebeba kifurushi cha kanga.

"Shemeji," Hamadi akasema, akicheka kwa furaha. "Hawa iko?"

"Iko," akajibu Sudi. Akafunga dirisha la tiketi.

Wakapanda mtumbwi pamoja kuvuka mto. Mama mmoja alimtazama Hamadi usoni, akaanza kusoma Inna lillahi kimyakimya. Mpiga kasia akaacha kupiga kasia, mtumbwi ukaanza kuchukuliwa na maji. Hamadi akauliza watu wana nini. Kila mtu akamtazama Sudi, na Sudi akatazama miguu yake. Ng'ambo ya pili ilikuwa mbali siku hiyo.

Mwalimu Abedi wa msikiti aliwaita wote barazani kwake, akamweleza Hamadi habari ya safari ya Sudi, kaburi, eda na ndoa. Hawa alikuja amejitanda nguo nzito, na mimba ya Masudi ya miezi mitano.

"Mimi nilikamatwa kule Pwani kwa kukosa karatasi za safari," Hamadi akaeleza. "Niliandika barua, hazikufika. Nilipoachiwa nikaenda Unguja, nikawa mbeba magunia ya karafuu bandarini, nipate nauli ya kurudi." Akamgeukia Sudi. "Mwezi ule wa likizo yako nilikuwa pale gatini kila siku. Kila meli inayofika, mimi njo niko chini yake. Shemeji, ulishukia wapi?"

Sudi akasimama mbele yao. "Sikufika," akasema. "Nilikomea Kalemie. Nilikuwa nakunywa."

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wamtukane. Mwalimu akasema sheria inampa Hamadi nafasi ya kuchagua, kumdai mke wake au kumwacha. Hamadi akaliangalia tumbo la Hawa, kisha akampa kile kifurushi cha kanga.

"Nimekuacha, mama. Mulee mutoto wenu vizuri."

Hawa akamwambia kaka yake, kwa sauti ndogo: "Yaya, ningemungojea miaka kumi. Ungevuka ziwa, angerudi pamoja nawe." Tangu siku hiyo hakumwita yaya tena.

Siku ya treni, Hamadi alifika dirishani. Sudi alishika kalamu. Kazi inataka aulize, akauliza: "Unakwenda wapi?"

"Unguja," Hamadi akasema. "Wewe unapajua."

Sudi akaandika tiketi. Alibaki kwenye dirisha lile miaka kumi na moja, na kila siku ya treni alikuwa anainamisha uso mpaka wasafiri waishe.

MAFUNZO

Majivuno hayashibi. Uongo wa kufurahisha baraza leo unadai uongo mwingine kesho, na siku moja unadai muntu. Ukishindwa safari, rudi useme umeshindwa. Aibu yake ni ya wiki moja. Ukiahidi kumtafutia mwenzio mtu wake, mtafute kweli, au ukiri hukumtafuta. Na sisi tunaokaa kusikiliza, tuache kumshangilia msimuliaji wakati kuna anayelia nyuma ya mlango. Tuliomba ile ya kobe mara nyingi mno, na hata leo nikimwona Hawa njiani, ni mimi ninayetazama chini.