Kombeo la Leticia na Helikopta Isiyo na Rubani

Mpunga unapoanza kuiva, watu wengi wa kijiji cha Mbingu huhamia mashambani, na watoto walio likizo hupewa kazi ya kuamia ndege wasile mpunga. Kila alfajiri Leticia alipanda dunguni, kwenye jukwaa la miti katikati ya shamba, na kombeo lake na madonge ya udongo mkavu. Nyumbani alikuwa na mdomo kweli, lakini dunguni alitulia kama maji mtungini. Ukungu ulilala juu ya mpunga, milima ya Udzungwa ikawa kama inaelea, naye akaota anaruka juu ya bonde zima.

Asubuhi hiyo alikuwa katikati ya ndoto hiyo kivuli kilipopita ndani ya ukungu. Mkono ulitangulia, akili ikafuata. Kombeo lilivuma, kitu kikalia pa! Kisha kikazunguka na kuanguka topeni.

“We Leti, umeangusha helikopta ya mama yako mdogo,” alisema Omega, rafiki yake wa dungu la jirani. “Nyamaza tu. Atadhani ni upepo.”

Mama mdogo Marsiana alikuwa mhandisi Ifakara. Yeye na wenzake walikuwa wakiunda helikopta ndogo isiyo na rubani, yenye kamera ya kuwaona tembo kabla hawajaingia mashambani. Alikuja ameikumbatia, miguu imejaa tope.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba. Panga la juu linalozunguka limekatika lenyewe hewani. Kumbe tumelichonga vibaya. Itabidi tuache umbo hili, tuanze upya.”

“Na tembo je?”

“Mwaka huu tena watakula, mwanangu.”

Leticia aliutazama mpunga wa mama yake. Omega alimkonyeza anyamaze. Machozi yakamtoka.

“Panga halina kosa, mama mdogo. Nimelipiga mimi kwa kombeo. Nilidhani ni ndege.”

Marsiana aligeuza kile kipande cha panga, akakuta udongo mkavu umeganda palipovunjika. Akashusha pumzi, akafungua begi na kutoa panga la akiba.

Jioni helikopta iliruka tena. Leticia aliinamia kioo cha simu na kuliona bonde lake kutoka juu, mto unang'aa, mpunga unaogeuka manjano umetandazwa kama mkeka. Pembezoni mwa msitu vilisogea vivuli vikubwa. Marsiana aliita, watu wakapiga madebe, na tembo wakarudi msituni polepole.

“Kosa lako lilivunja panga moja,” Marsiana alimwambia. “Ungenyamaza, tungetupa kazi nzuri na mpunga ungeliwa. Anayeunda kitu akidanganywa, hurekebisha kisicho na kosa. Sema ukweli mapema, hata ukikuuma.”

“Nimeelewa, mama mdogo.”

“Nami nilikosea kuirusha bila kukuambia. Kesho nitapita kwanza hapa dunguni kupiga hodi. Mikono yako ina shabaha mno.”