Nilikaa Eda Kisarawe, Nyumba Yangu Ikauzwa Kibaha

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mjane, na leo naishi chumba cha kupanga Maili Moja, Kibaha. Haya ninayowaandikia yamenitoa machozi mengi... Lakini nikinyamaza tena nitakuwa mjinga mara mbili.

Nyumba tuliijenga Tumbi, mimi na mume wangu Seif. Mimi nauza vitenge, yeye anaendesha lori, tofali moja moja mpaka tukapaua. Hatukujaliwa mtoto. Nyumba ile ndiyo ilikuwa kila kitu changu. Seif alipofariki ghafla, tulimzika kwao Kisarawe.

Siku ya hitima mama mkwe alinishika mkono. Akasema mjane wa ukoo wao hawezi kukaa eda Kibaha peke yake, katikati ya watu baki, wakati mumewe amelala Kisarawe. Nilimheshimu sana mama yule. Ningeanzia wapi kumkatalia? Nikakubali... Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojichimbia kaburi!

Shabani, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeishi na mama yake pale. Aliniomba funguo za Tumbi ili awe anapita kuangalia usalama. Nikampa bila hata kuuliza swali. Damu ya mume wangu, ningemdhania nini?

Nilipewa chumba cha uani. Nyumba ile iko bondeni, nje kidogo ya mji, na simu ya kawaida haishiki mpaka upande juu barabarani. Na mjane wa eda apande barabarani kutafuta nini? Kilichobaki ni waifai. Shabani alikuwa amefunga antena juu ya bati, na ruta yenyewe ilikuwa sebuleni, ambako wanaume walishinda wakiingia na kutoka. Mimi sebule ile sikuikanyaga.

Mwanzoni nilipata mtandao, hafifu lakini unafika. Niliongea na jirani yangu wa Tumbi, Mama Neema, tukalia pamoja. Halafu ghafla, kimya! Simu ikawa inagoma kabisa kuunganishwa. Nilimuuliza Shabani nikiwa nyuma ya pazia. Alinijibu kwa upole kwamba kuta ni nene, mawimbi hayafiki uani, nivute subira, eda ni ya kutulia na kumwombea marehemu. Nikaona haya kwa kuulizia mtandao msibani.

Siku zikaenda. Nilisikia wazee wa ukoo wakikutana sebuleni. Nikipita uani kuchota maji, sauti zinashuka. Mama mkwe naye akaanza kunikwepa macho, uji analeta, anauweka, anaondoka. Nilijiambia ni msiba tu, kila mtu ana majonzi yake.

Mdogo wangu Zuhura ana kibanda cha vifaa vya simu Mlandizi. Alipokuja kunitazama alinikuta nimekonda, akasema hawezi kuniacha nimekatwa na dunia namna ile. Safari iliyofuata alikuja na kifaa cha kuongeza waifai, kile mafundi wanachokiita eksitenda. Unakichomeka kwenye umeme katikati ya nyumba, kinadaka mawimbi ya ruta na kuyasukuma mbele.

Akakichomeka kwenye korido. Taa ya kijani ikapepesa, kisha ikageuka nyekundu. Akakizima, akakiwasha. Nyekundu! Akaandika upya neno la siri, herufi kwa herufi. Akaingiza pini kwenye kitundu cha nyuma ili kianze upya. Mwisho akakipeleka sebuleni, kando kabisa ya ruta, mahali ambapo hakuna ukuta wowote... Nyekundu vilevile. Shabani alisimama mlangoni akimtazama, akacheka kidogo, akasema vifaa vya siku hizi feki tupu, akirudishe alikokitoa.

Zuhura aliondoka nacho. Lakini alipofika kwake Mlandizi alikijaribu, kikakubali papo hapo! Aliporudi nacho Kisarawe hata salamu haikumtoka vizuri. Alikaa kitandani kwangu akanong'ona.

"Dada, kifaa ni kizima. Ile ruta ndiyo inakikataa. Kuna mtu ameifunga."

Siku hiyo Shabani alikuwa ameenda Ruvu kwenye bustani yake ya mboga. Zuhura alimwomba mama mkwe simu yake, maana ya kwake mama ilikuwa ikipata mtandao siku zote. Mama mkwe akampa, kisha akaenda kukaa jikoni na mgongo ametugeuzia. Zuhura akaingia sebuleni, akaipindua ruta, akasoma namba ya siri iliyobandikwa chini yake, akaingia kwenye mipangilio.

Ruta ilikuwa imeamriwa ikatae kila kifaa kigeni. Ndiyo maana eksitenda iligonga mwamba hata ilipowekwa ubavuni mwake. Na simu yangu je? Simu yangu ilikuwa imezuiwa peke yake, kwa jina langu... Kuta hazikuwa na kosa lolote!

Zuhura akaondoa vizuizi vyote, akakichomeka tena kifaa kwenye korido. Taa ikawa kijani, na ujumbe ukaanza kumiminika mpaka nikaitupa simu kitandani. Mama Neema ananiuliza mbona watu wanapima kiwanja changu. Mama Neema ananiambia wamebadilisha vitasa. Mama Neema analia kwenye ujumbe wa sauti kwamba vyombo vyangu viko nje, na mimi niko wapi?

Kilichonimaliza ni kundi la ukoo la kwenye simu. Kumbe Shabani alikuwa akiniandikia humo, kwa adabu zote! Kikao cha mirathi kimefanyika. Yeye amependekezwa kuwa msimamizi. Nyumba ya Tumbi itauzwa. Na mwisho wa kila ujumbe: shemeji, kama una pingamizi, sema. Aliniuliza mahali anapojua fika kwamba sisikii!

Aliporudi nilimkabili mbele ya mama yake. Hakukana.

"Taarifa ulipewa, shemeji. Ukanyamaza. Na kunyamaza ni kuridhia."

Jamani! Maneno hayo huwa ya mwali anayeposwa akaona haya kujibu. Leo anayageuzia mjane wa kaka yake? Ndiyo aliyowaambia wazee, ndiyo aliyokwenda kuyasema mahakamani, na wote walimwamini.

Asubuhi mama mkwe alilia nisivunje eda, watu watasema nini. Nilimwambia watasema wanayotaka. Nikatoka na Zuhura mpaka Tumbi... Mapazia mageni madirishani. Nikabisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe. Akafungua mama mmoja, mpole, unga mikononi, mwenyewe hana hatia yoyote.

"Karibu. Samahani, wewe ni nani?"

Nilimshika Zuhura mkono, tukarudi barabarani.

Usimamizi wa Shabani umekwisha kutenguliwa na mahakama, lakini aliyenunua naye ana hati zake, na kesi inaendelea. Sijui kama nitalala tena chini ya bati lile. Shehe wa mtaani kwetu aliniambia jambo lililonichoma kuliko yote: mjane hukaa eda katika nyumba aliyoishi na mumewe, na kukiwa na dharura anaruhusiwa kutoka mchana. Dini ilikuwa imenilinda tangu mwanzo... mimi mwenyewe nikaondoka kwenye ulinzi huo kwa kuwaonea watu haya!

Wajane wenzangu, nawapigia magoti. Lieni kwenye nyumba zenu. Funguo msimpe mtu, hata akija na machozi. Mkiona mawasiliano yamekatika ghafla, msikubali kuambiwa ni kuta, ulizeni, na ulizeni tena. Mimi niliona aibu kuuliza, na sasa kila nikipita Tumbi nageuza uso upande wa pili ili nisiione nyumba yangu.