Tangazo la Mtani Halionekani

Asubuhi nachochea moto, nachemsha chai, nawapa nguruwe pumba. Halafu nawalaumu wakubwa. Nalaumu barabara ya hapa Bombambili. Nalaumu maji. Nalaumu mbolea kuchelewa. Zamani mke wangu Ekaristia alikuwa ananiambia, "Basi, Romwaldi." Nami naacha. Sasa Ekaristia hayupo. Hakuna wa kuniambia basi, kwa hiyo naendelea mpaka jua la mchana.

Binti yangu Anjelika ameshazoea. Mimi nasema, yeye anaosha vyombo.

Siku moja nilikuwa na jambo zito. Padri alikuwa amekubali kubariki msalaba wa kaburi la Ekaristia, kijijini kwetu Mpitimbi. Siku ilikuwa Jumamosi inayofuata. Mchele ulikuwepo. Kwaya ilikuwepo. Alikosekana mtu mmoja tu, Kajetani.

Kajetani ni mtani wangu. Watu wa ukoo wake na wangu wanataniana tangu enzi za babu zetu. Siku ya mazishi ya Ekaristia alishuka kaburini, akalala chali. Akasema hatoki mpaka apewe kuku. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Bila yeye, msiba unakukaa tumboni kama ugali mbichi.

Ekaristia alipokuwa mgonjwa aliniambia, "Wakibariki msalaba wangu, Kajetani awepo. Sitaki watu wanune. Ukinuna wewe inatosha."

Nilimwahidi. Lakini Kajetani alihamia Namtumbo kulima tumbaku, na namba yake ya zamani ilikuwa haipatikani.

"Baba, weka tangazo kwenye Mbao," akasema Anjelika.

Mbao ni tovuti ya matangazo. Unaifungua kwenye simu. Watu wa kwetu wote wanaisoma, hata walioko Namtumbo. Mbuzi akipotea, anaandikwa Mbao. Chumba cha kupanga, Mbao. Msiba, Mbao. Anjelika alinisajili kwa jina langu na neno la siri. Nikachukua simu, nikaandika kwa kidole kimoja:

"Kajetani mla panya! Jumamosi tunabariki msalaba wa Ekaristia. Njoo na jogoo. Usipokuja nitakuzika mzima mzima."

Nikabonyeza Tuma. Kioo kikarudi mwanzo, kama vile sijaandika kitu.

Nikasubiri. Nikafungua tena. Nikaona mbuzi wa mtu wa Mjimwema. Nikaona kitanda kinauzwa. Tangazo langu halipo.

"Mbuzi wa mtu anaonekana," nikasema, "mke wangu haonekani!"

"Labda mtandao, baba. Tulia."

Sikutulia. Nikaandika tena, nikatuma. Halipo. Nikaandika tena, nikaongeza ukali kidogo. Halipo. Kesho yake nikaandika jingine, na hilo lilikuwa la wakubwa wenyewe: "Nyie mnaokaa kwenye viti vya kuzunguka, mnakula matangazo ya wajane! Mungu anawaona!"

Hilo nalo likapotea.

"Wanachagua wa kuwatangaza," nikamwambia Anjelika. "Ningekuwa na gari, lingeonekana. Hao wakubwa wa Mbao wanakaa wapi? Dodoma?"

Anjelika akaacha kuosha sufuria. "Baba, si ni mama Suzana anayeiendesha?"

"Suzana yupi?"

"Jirani yetu. Anayetuazima kinu."

"Yaani mkubwa anakaa nyuma ya choo changu, na mimi sijui?"

Nikavaa kofia, nikaenda.

Suzana alikuwa kwenye kigoda, anachambua dagaa wa Nyasa. Nikatazama kila pembe. Kiti cha kuzunguka sikukiona.

"Shikamoo, baba Anjelika."

"Marahaba. Suzana, tangazo langu mmelipeleka wapi?"

Nikamweleza habari yote. Suzana akanawa mikono, akafungua simu yake. Akasoma. Macho yakamtoka.

"Kumbe huyu Romwaldi ni wewe? Mimi nakujua kwa jina la baba Anjelika tu. Mzee, matangazo yako yote yapo hapa. Hayajapotea. Yanasubiri."

"Yanasubiri nini?"

"Yakaguliwe. Hebu nikuulize. Ukipeleka tangazo parokiani, linasomwa kanisani saa ile ile?"

"Hapana. Katibu analipitia kwanza."

"Na sisi ni hivyo hivyo. Tupo wasimamizi wachache. Tunasoma kila tangazo kabla watu wote hawajaliona. Tusipofanya hivyo, matapeli watajaa. Mtu atatangaza shamba ambalo si lake. Mtu atamtukana jirani yake mbele ya mji mzima."

"Sasa langu lina kosa gani?"

"Mzee, umeandika utamzika mtu mzima mzima! Msimamizi mwenzangu ameliwekea alama nyekundu. Ameandika hapa: 'Kitisho cha kuua.' Alitaka kuuliza polisi."

"Ni mtani wangu!"

"Yeye atajuaje? Ukisema kwa mdomo, watu wanaona unacheka. Kwenye maandishi kicheko hakionekani. Halafu umetuma tena na tena. Mtu anayerudia hivyo tunamdhania tapeli, kwa hiyo tunamweka mwisho."

Nikakaa juu ya ndoo. Lakini sikuwa nimemaliza.

"Suzana, nisikilize na mimi. Parokiani nikitoa tangazo, namwona katibu analiweka kwenye faili. Nikipita kesho naliona bado lipo. Akilikataa, ananirudishia mkononi na kuniambia sababu. Nyie mmeniambia nini? Kioo kikarudi mwanzo. Mtu asiyeona kitu chake atajuaje kama kinasubiri? Lazima atume tena. Kwa hiyo huyo tapeli mmemtengeneza nyie!"

Paka akaiba dagaa mmoja, Suzana hakumfukuza.

"Hapo umesema kweli," akasema. "Sisi wasimamizi tunayaona yanayosubiri. Mwenye tangazo halioni. Hatukufikiria."

"Hilo ndilo tatizo la wakubwa wote," nikasema. Nilijisikia vizuri sana siku ile.

"Niache leo nilitengeneze. Si kazi kubwa."

Kesho yake asubuhi Suzana alikuja kwetu na simu. Nguruwe walikuwa bado hawajala.

"Ingia kwa jina lako na neno lako la siri," akasema. "Sasa bonyeza hapa juu."

Palikuwa na maneno mapya: Yangu Yanayosubiri. Nikabonyeza. Nikayaona matangazo yangu yote, yamepangana kama mikungu ya ndizi sokoni. Chini ya kila moja pameandikwa: Linasubiri.

Nikaufunika ule ukurasa kwa kiganja. "Majirani wanaona?"

"Hapana. Unaona wewe, na sisi wasimamizi. Watu wengine hawaoni mpaka likubaliwe. Ndiyo maana neno la siri usimpe mtu. Na ukiona Linasubiri, usitume tena. Subiri. Ukiona kosa, bonyeza Rekebisha. Ukibadili nia, bonyeza Ondoa. Tukilirudisha, tutaandika sababu."

"Hapo sawa," nikasema. "Kama katibu."

Nikaanza kuyasoma. La kwanza lilikuwa na ukali. La pili lilikuwa na ukali zaidi. Nikafika la mwisho, lile la viti vya kuzunguka. Nikalisoma taratibu.

Halikutaja Jumamosi. Halikutaja msalaba. Halikumtaja Ekaristia hata kidogo.

Anjelika alikuwa anasoma begani kwangu. "Baba, kama hili lingetoka, Kajetani angekuja wapi?"

Nikabonyeza Ondoa. Nikayaondoa yote, nikabakiza la kwanza. Nikabonyeza Rekebisha, nikaandika: "Kwa mtani wangu Kajetani, mla panya. Huu ni utani. Jumamosi tunabariki msalaba wa Ekaristia. Njoo na jogoo."

Nikatuma, halafu nikawapa nguruwe pumba. Niliporudi nikakuta: Limerudishwa. Sababu: Taja kijiji na saa.

"Wameanza tena!" nikasema.

"Baba, kweli hujataja kijiji," akasema Anjelika.

Nikaongeza: Mpitimbi, baada ya misa ya asubuhi. Chai ilikuwa haijapoa nilipoona neno jipya: Limekubaliwa. Nikafungua ukurasa wa mbele. Lilikuwa pale, chini ya mbuzi wa Mjimwema. Jina la Ekaristia lilionekana vizuri.

Lakini siku zikapita bila jibu la Kajetani. Jumamosi ikafika. Padri alibariki msalaba, kwaya ikaimba, watu wakainama. Nilitazama njia, nikaona vumbi tu. Nikaanza kununa.

Mara sauti ikatoka nyuma ya mahindi. "Nani amemzika mwanamke mzuri karibu na sura mbaya kama ya Romwaldi?"

Kajetani! Hana jogoo. Akapita katikati ya watu, akakaa chini, akaukumbatia msalaba. "Siuachii mpaka nione jogoo wa mwenye nyumba! Ekaristia, mumeo mchoyo hata leo!"

Watu wakacheka mpaka bibi mmoja akashika mbavu. Padri naye akageuka upande.

"Kwa nini hukujibu tangazo?" nikamuuliza.

"Nilijibu! Nilikujibu vizuri sana, nikakutukana mpaka babu yako. Halikuonekana. Wakubwa wa Mbao wamelila!"

"Lete simu," nikasema. "Ingia. Bonyeza Yangu Yanayosubiri. Unaona? Halijaliwa. Linasubiri. Tena hukuandika kama ni utani. Kwenye maandishi kicheko hakionekani, bwana. Rekebisha, halafu tulia. Usitume tena na tena, watakudhania tapeli."

Kajetani akanitazama. Akawatazama watu. "Jamani, njooni mwone! Romwaldi naye amekuwa mkubwa!"

Kicheko kikaanza upya. Nikafungua mdomo nimweleze kuwa wakubwa halisi ni watu wa namna gani, kuanzia wa barabara mpaka wa mbolea.

Halafu nikauangalia ule msalaba.

Basi. Nikaenda kumkamata jogoo.