Mkono Mwekundu Juu ya Mlingoti

Mambo yalianza kuharibika Jumanne, tarehe kumi na saba Juni, mwaka wa 2025, saa moja na robo asubuhi. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu redio ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kusoma taarifa, na mjukuu wangu Kinya alikuwa anafunga viatu vya shule huku nduma iko mdomoni.

"Kula kama mtu," nilimwambia. "Hiyo nduma haina miguu."

"Nitachelewa, Babu. Mwanatatu ananingoja njiani."

Mkoba wake ulikuwa umefura. Nikamwuliza amebeba nini leo.

"Kamusi," akasema, bila kuniangalia.

Kinya alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko Gredi ya Sita, na hakuwa mtoto wa uongo. Basi niliamini kamusi. Yeye akapanda njia ya shule, mimi nikachukua fimbo nikateremsha mbuzi wangu saba bondeni, ndani ya ukungu mzito wa Juni.

Nyumba yetu iko chini ya soko la Muthara, kule Meru, ukingoni mwa hilo bonde. Upande wa juu, mwendo wa dakika tano kwa miguu, kampuni ilileta mtambo wa kuchimba mwezi wa Januari. Mnara wa chuma uliosimama pale ulinguruma mchana na usiku hadi tukauzoea, jinsi mtu anavyozoea kukoroma kwa mwenzake. Hawakuwa wakitafuta maji wala mafuta. Walikuwa wanatafuta joto.

Aliyetueleza hayo ni Gichovi, fundi mkuu wa uchimbaji, mtu wa Karurumo kule Embu. Mke wangu, marehemu Ruguru, alizaliwa huko huko, kwa hivyo Gichovi alizoea kupita kwetu kunywa chai na kuzungumza naye Kiembu. Alikuwa amechimba visima vya mafuta Turkana miaka minane. Kazi ya mafuta iliposimama, akahamia kwenye mvuke.

"Kwani wewe hujui kazi nyingine isipokuwa kutoboa ardhi?" Ruguru alimtania siku moja.

"Shangazi, ndiyo ile ile. Mnara ni ule ule, mabomba ni yale yale, hata tope la kupoza meno ya keekee ni lile lile. Tofauti ni kwamba kule nikikuta mawe moto nilikuwa nalalamika, na hapa mawe moto ndiyo mali yenyewe. Tukiyafikia, maji yaliyo huko chini yatapanda yakiwa mvuke. Mvuke utazungusha mashine, nawe utawasha taa bila kuchoma tone la mafuta."

"Na kama huko chini kuna mwenyewe?"

Tulidhani Gichovi atacheka. Hakucheka.

"Yupo," alisema. "Ni gesi. Inanuka kama mayai yaliyooza. Ikizidi, inaua pua kwanza. Mtu hudhani imeisha."

Ndiyo maana, alituambia, watu wa mafuta wana desturi yao: ukifika kazini husalimii mtu kabla ya kusalimia upepo. Yeye mwenyewe alikuwa ametundika kitambaa juu ya mlingoti, nje ya ua wa kampuni. Kilikuwa chekundu, kirefu, chenye tundu kila upande, mfano wa mkono wa shati uliokatwa begani. Upepo ukiingia, mkono ulijaa ukanyooka kuelekea kule upepo unakokwenda. Gichovi aliomba vitambaa vitatu. Wakubwa wakamletea kimoja.

Chini ya mlingoti waliweka kibao cha Kiingereza, maneno mengi, herufi ndogo. Mimi niliishia darasa la tatu. Kibao cha Kiswahili ningekisoma polepole hadi nifike mwisho. Hicho niliwaachia wenye Kiingereza chao. Kikasimikwa, picha zikapigwa, wakubwa wakaenda zao.

Sasa, mahali watu wazima hawakueleza, watoto walijieleza wenyewe. Walisema ule ni mkono wa mfanyakazi aliyemezwa na shimo, na kwamba unaelekeza kidole kwenye nyumba ambamo atachukua mtu wa kukaa naye huko chini.

Mwezi wa Machi mkono ulielekea kwetu siku tatu mfululizo. Siku ya tatu Ruguru akashikwa na kifua. Tulipiga simu gari la wagonjwa lije, tukaambiwa limetumwa kubeba viti vya mkutano. Tulimvalisha viatu vyake vya kanisani, tukakaa naye langoni tukingoja. Alikufa akiwa amevaa hivyo viatu. Mimi nilijua wa kulaumiwa ni nani, na bado najua. Kinya alilaumu mkono. Hakusema, nami sikumwuliza anawaza nini, kwa sababu nilikuwa nimekaa na hasira yangu peke yangu.

Jumapili, tarehe kumi na tano Juni, mkono uligeuka ukaelekea kwetu tena.

Turudi bondeni, asubuhi ile ya Jumanne.

Kwanza mtambo ulinyamaza. Miezi mitano ya kunguruma, kisha kimya, ghafla hivyo, hata masikio yakaniuma. Ndege nao walinyamaza. Kisha nikasikia pumzi. Sina neno lingine. Ilikuwa pumzi ndefu ikitoka juu, kama ya mtu anayevuta hewa kati ya meno, lakini haikuisha. Harufu ya mayai mabovu ikaja na ukungu. Nikafunika pua kwa kofia.

Baada ya muda mfupi harufu ikaisha. Nikasema, afadhali.

Nilikuwa nimemsikia Gichovi kwa masikio yangu mwenyewe, na bado nilisema afadhali.

Beberu wangu alipiga magoti. Mbuzi hawapigi magoti hivyo, wakiwa na nyasi nzuri mbele yao. Akalaza kichwa taratibu, macho wazi, akinitazama. Wa pili akamfuata, na wa tatu. Hakuna aliyelia. Niligeuka ili nikimbie, lakini sikujua nikimbilie wapi. Kila upande ulikuwa mweupe, na pumzi ile niliisikia kila mahali. Nami nikapiga magoti kama wao.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa baadaye. Mwanatatu ni binti ya Jamaldin mwenye bucha pale sokoni, rafiki ya Kinya tangu chekechea. Walikuwa wamefika karibu na ua wa kampuni waliposikia vyuma vikigongwa na watu wakipiga kelele. King'ora hakikulia. Wenye nyumba za karibu walitoka nje, kina mama wamebeba watoto, wakakimbia huku na huku ndani ya ukungu, wengine wakiteremka kuelekea bondeni. Gichovi alikuwa akiwazuia kwa sauti iliyokuwa imeshaanza kukatika.

"Msishuke! Msishuke kwanza! Kitambaa kiko wapi? Nani ameona kitambaa?"

Watu wakaangalia juu. Mlingoti ulikuwa mtupu.

Mwanatatu alimwona Kinya akiukumbatia mkoba. "Ni nini?" akamwuliza. Kinya akafungua zipu kidogo. Ndani kulikuwa na kitu chekundu.

"Wewe! Uliuiba mkono?"

"Ulikuwa unamwangalia Babu," Kinya akasema, analia. "Tangu Jumapili. Nikaushusha jana baada ya shule, kama sisi skauti tunavyoshusha bendera ya shule."

"Utupe kichakani! Tupa haraka, hakuna atakayejua."

Kichaka kilikuwa pale pale. Kinya aliniambia alikiangalia. Kisha akakumbuka ni saa ngapi, na saa hiyo mimi huwa wapi na mbuzi.

Kando ya njia kulikuwa na ufito mrefu uliotegemeza mgomba wenye mkungu mzito. Kinya aliung'oa, mgomba ukalala na ndizi zake. Alifunga kitambaa kwenye ncha kwa fundo la skauti, akapanda juu ya jiwe kubwa, akainua. Mwanatatu alimshika miguu asianguke. Mkono ulining'inia kidogo, halafu ukajaa taratibu, ukanyooka. Ulielekea bondeni.

"Fundi Gichovi!" Kinya alipaza sauti. "Mkono uko hapa! Unaelekea kwa Babu!"

Gichovi aliangalia mara moja tu. "Kila mtu aende upande wa shule!" akaamrisha. "Usiufuate upepo, ukate kwa upande! Asishuke mtu!" Wakaifuata amri yake, wakatoka salama wote. Yeye akavaa barakoa yake ya hewa, akashuka.

Mimi nikiwa chini, ukungu ulipasuka kidogo. Juu kabisa, hewani, nikaona mkono mwekundu. Hakukuwa na mlingoti wala mtu, mkono peke yake, umeninyooshea mimi. Sikuwahi kuamini hadithi ya watoto. Dakika hiyo niliiamini. Nilisema, Ruguru, naja. Kisha kitu kisicho na uso, chenye macho mawili ya kioo, kikatoka kwenye ukungu kikipumua kwa nguvu, kikanishika kwapani.

"Mzee Kaburu, usilale," kikasema kwa sauti ya watu wa Karurumo. "Shangazi atanikasirikia."

Nilizindukia kwenye uwanja wa shule. Mafundi walikuwa wamefunga kisima kwa vali kubwa zile zile wanazotumia kwenye mafuta. Watu wote walikuwa hai. Mbuzi watano walikufa.

"Kitambaa ulikipata wapi?" Gichovi akamwuliza Kinya.

Kinya aliangalia umati. "Nilikiokota. Kwenye nyasi."

Uongo wa pili. Huo ulikua haraka kuliko wa kwanza. Kufikia Jumamosi, tulipoitwa barazani na chifu, Kinya alikuwa shujaa wa Muthara nzima. Meneja wa kampuni alikuja amevaa tai, akasema ajali ilizidishwa na uzembe wa mlinzi. Mlinzi huyo ni Kiogora, kijana wa hapa petu, ana mke na mtoto mchanga. Alikuwa amesimama pembeni ameshika kofia.

"Aliacha kifaa cha usalama kikaibiwa," meneja akasema. "Amefutwa kazi. Lakini leo tuna furaha kumpa zawadi binti aliyekiokota."

Akatoa zawadi. Ilikuwa kamusi mpya, imefungwa utepe.

Watu wakapiga makofi. Nilipiga pia. Kinya alienda mbele, akasimama, mikono yake ikakataa kunyooka. Alikuwa anamtazama Kiogora.

"Siwezi kuichukua," akasema.

"Chukua mwanangu, usiogope."

"Siogopi kamusi. Sikukiokota hicho kitambaa. Nilikishusha mwenyewe Jumatatu jioni, Kiogora akiwa upande wa pili wa ua anafungulia lori. Nilidhani ndicho kilichomuua Nyanya, na kwamba sasa kinamtaka Babu. Nikamdanganya Babu, nikamdanganya Fundi Gichovi. Msimfute Kiogora."

Makofi yaliisha. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Kumbe!" Mama yake Kiogora akaanza kulia. Mimi nilisimama, sijui nilitaka kumpiga au kumbeba.

Gichovi alimwendea. Alichuchumaa hadi macho yao yakalingana.

"Kinya, sikiza, na wenzako wasikize," alisema. "Ule mkono hauchagui mtu wa kufa. Ukielekea kwenu, unawaambia: gesi ikitoka leo, itakuja huku, basi mkae tayari kutoka. Ulikuwa unamlinda Babu yako. Wewe hukujua, na kosa la kutojua si lako peke yako, sisi tulioujua hatukuwaambia. Lakini uliposema 'kamusi', na uliposema 'nimeokota', hapo ulijua. Kwenye mafuta na kwenye mvuke, mtu anayeficha anaua wengine polepole kama gesi isiyonuka. Anayesema kosa lake mapema, hata kwa kulia, anatupatia nafasi ya kukimbia. Jumanne uliinua kile kitambaa watu wote wakikuona. Leo umeinua kingine, na hicho kilikuwa kizito zaidi."

Meneja alikohoa, akasema Kiogora atarudi kazini. Gichovi akaahidi mbele ya wote kwamba kila Jumatatu atafundisha shuleni maana ya mkono, kwa Kimeru na kwa Kiswahili, na vitambaa vitakuwa vitatu. Ahadi hiyo ameitimiza. Hata mimi sasa nikitoka nje asubuhi huangalia juu kwanza, kisha ndiyo nasalimia watu.

Watu walianza kuinuka, wakidhani baraza limekwisha. Kinya hakuwa ameketi. Alikuwa anatazama stoo ya kampuni, ng'ambo ya ua, ambamo sote tulijua kulikuwa na ving'ora viwili vipya. Vililetwa mwezi wa Aprili. Vilikuwa bado ndani ya makasha, vikingojea mkubwa fulani aje kutoka Nairobi kuvizindua kwa kukata utepe.

"Mimi nimesema langu," akasema.

Meneja alimtazama chifu. Chifu alitazama simu yake. Nyuma yao kitambaa kilijaa upepo, kikanyooka, na mjukuu wangu akauliza swali ambalo hadi leo halijajibiwa na mtu yeyote:

"Na ni nani aliyesema ving'ora vingojee utepe?"