Shati Nililolipiga Pasi Lilipanda Juu ya Paa Langu

Mtu aliyekuwa akiling'oa bati la nyumba yangu alikuwa amevaa shati nililolipiga pasi kwa mikono yangu asubuhi ile ile!

Msiniambie kwamba macho ya mzee hudanganya. Kola ile niliishona mimi, kwa uzi wa buluu, kwa kuwa mweupe ulikuwa umekwisha. Uso wake aliufunika kwa kitambaa, kama tufanyavyo sote hapa mjini Bunia wakati wa vumbi... lakini uzi wa buluu ulikuwa pale shingoni.

"Orly!"

Nyundo ilisimama.

Hakugeuka.

Ninyi mnaosoma, msimhukumu bado. Mimi nilimhukumu mapema, na leo ninaandika kwa aibu.

Orly ni mjukuu wangu. Nilimlea tangu akiwa na miaka minne, kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Siku alipomaliza masomo ya sheria katika chuo kikuu, watu wa mtaa wetu wa Saio walimmwagia poda ya pongezi kichwani mpaka akawa mweupe kama sanamu. Nami nilicheza, na magoti yangu haya!

Kisha... kimya. Mwaka mzima na nusu, barua za kuomba kazi zikienda, majibu yasirudi, ila jibu moja nitakalolitaja mbele.

Siku moja akaja kwa bibi yake akitabasamu.

"Koko, nimepata kazi. Bureau ya avocat."

"Ofisi ya wakili! Watakulipa?"

"Kwanza stage, kujifunza kazi bila mshahara. Kisha contrat."

Tangu siku hiyo nikawa ninaamka mapema, nawasha makaa, napiga pasi shati lake. Jioni alirudi na kutu kwenye mikono ya shati. Viganja vimechanika.

"Hii ni nini, Orly?"

"Ni madossier ya zamani, koko. Ma-agrafe ya kubana karatasi imeshika kutu."

Niliamini. Tena nilijigamba! Nilimwambia jirani yangu, Mama Léonie, kwamba mjukuu wangu anashika majalada ya mahakama, na kwamba watoto wake waache kupiga kelele karibu na ukuta wetu.

Basi, turudi kwenye paa.

Aliyesimama uani, mwenye faili kwapani, alijitaja kwa adabu.

"Mama Emérance, miye Adolphe. Natumwa na cooperative ya mikopo. Deni yako imepita miaka mitatu. Unalipa leo, ao tunabeba mabati kumi na mbili."

Nilikuwa nikitazama juu.

"Orly, shuka! Nilikufundisha kusoma ili uje kuning'olea paa? Msaliti wewe!"

Mama Léonie alikwisha kuegemea ua, mikono kiunoni.

"Mwalimu! Si ulituambia iko avocat? Avocat gani anapanda nyumba kama paka?"

Watu wakacheka. Niliwahi kusikia kicheko kama kile darasani, lakini wakati ule aliyeshika fimbo nilikuwa mimi.

Orly akashuka ngazi, polepole.

"Shefu," alimwambia Adolphe, "hii ni nyumba ya kwetu."

"Sasa najua. Mu camion haukusema kitu."

"Sikujua tunakuja huku mpaka tulipokata kona."

"Na ulipojua, ulipanda."

"Nilipanda, shefu... Miezi kumi na ine natumika kazi bure."

"Na contrat yako iko hapa mu mufuko yangu. Wenzako walipanda hata mapaa ya baba zao. Unarudi juu, ao unaenda?"

Orly aliondoa kitambaa usoni. Akanigeukia.

"Koko, hii deni ni ya nini? Si ulisema uliuzisha ng'ombe wa Marabo, ndio ukalipa mwaka yangu ya mwisho?"

Wasomaji wangu... hapa ndipo ninapopaswa kukiri.

Hapakuwa na ng'ombe! Ng'ombe wetu wa kijijini Marabo walipotea mwaka tulipokimbia vita. Lakini ningemwambiaje mtoto aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja? Nilikwenda kukopa, nikaweka paa rehani, nikarudi nyumbani nikatunga ng'ombe. Nilimpa hata rangi: mwekundu, mwenye doa pajani.

"Orly, nilitaka usome kwa moyo uliotulia..."

Kumbe hilo lilikuwa dogo.

Adolphe alifungua faili kumwonyesha sahihi yangu. Chini ya mkataba palikuwa na karatasi ngumu, yenye muhuri, ndani ya plastiki. Orly alisoma jina lililoandikwa juu yake. Akalisoma tena.

"Hii... hii ni diplome yangu."

Mama Léonie alishusha mikono yake kutoka kiunoni.

"Koko, diplome si iko kwa padri? Si ulisema anaitunza kwa sababu ya panya na wezi?"

Nilipochelewa kulipa, cooperative ilidai dhamana nyingine. Sikuwa na kitu kingine cha thamani. Nikaichukua shahada ya mtoto, nikaifunga ndani ya kanga, nikawapelekea. Nilidhani ni kwa miezi miwili tu.

"Ile kazi ya kule Mahagi," alisema Orly. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Walinipigia telefone. Walinichagua, koko! Walitaka tu diplome original, ndani ya siku mbili. Na weye ulisema padri amesafiri."

"Ndiyo."

"Alisafiri?"

"Hapana."

Ningependa anitukane. Hakunitukana. Alifunga kitambaa usoni, akachukua nyundo, akapanda bila kuamriwa na mtu.

Bati la kwanza. La pili. La tano...

Sikulia. Nilikaa kwenye kiti changu uani, nikahesabu mpaka kumi na mawili.

Walipomaliza niliingia ndani. Mbingu ilionekana sebuleni. Mbingu ilionekana juu ya kitanda cha Orly. Chumba changu hakikuguswa hata msumari mmoja!

Nikatoka mbio.

"Orly, umeacha chumba changu... umenisamehe?"

"Hapana, koko. Mbao za kule zimeoza. Ningepanda, ningeanguka."

Alitia sahihi mkataba wake pale pale, juu ya boneti ya lori lao, ile camion, kwa kalamu ya Adolphe. Kazi ya kudumu, yenye mshahara. Nilikuwa nimeomba siku hiyo kwa rozari karibu miaka mitatu.

Camion ilipowaka, Adolphe alinyoosha mkono dirishani.

"Mama, shika na hii."

Ilikuwa shahada.

"Lakini deni halijaisha," nilimwambia.

"Bati tunauzisha, mama. Hii, nani atanunua? Tiroir ya meza mu bureau imejaa madiplome." Akatazama usukani. "Na diplome yangu iko mule. Ya agronome, ya kilimo."

Wakaondoka.

Enyi mababu, mabibi, wazazi: mwambieni mtoto bei ya masomo yake. Mwambieni kweli, hata kama kweli hiyo itamnyima usingizi. Mimi nilimtungia ng'ombe ili asilemewe, yeye akanitungia ofisi ili nisiaibike, na kati ya uongo huu na uongo ule kazi ya Mahagi ikapita njia yake. Nanyi vijana, msiseme "koko hataelewa". Ningeelewa nyundo. Nimekula chaki miaka thelathini na mmoja; sidharau jasho.

Bado ninampigia pasi shati kila alfajiri. Sasa halidanganyi mtu: nyundo anaibeba wazi, Mama Léonie anamwona, nami namwona.

Mwisho wa mwezi wake wa kwanza wa mshahara alirudi na mabati mawili kichwani. Aliyanunua kwenye depo ya cooperative. Hakuniambia yaling'olewa nyumba ipi, lakini aliyapandisha na matundu yakakutana na misumari ya zamani, moja kwa moja.

Yalikuwa ya kwetu.

Kumi yamebaki.