Mchi wa Pili

Georgette alirudi kutoka shamba la pamba akakuta kinu chake kimesimama. Asubuhi alikuwa amekiosha na kukilaza kifudifudi kando ya ukuta wa jiko, kama wanawake wote wa kijiji cha Baraka walivyozoea, ili kuku wasiingie kulala ndani. Sasa kilikuwa katikati ya ua, mdomo juu, na ndani palikuwa na unyevu. Aliinama akanusa. Harufu ya muhogo uliolowekwa ikampanda puani, ile kali, ya siku ya nne majini. Alifikiri jirani amekiazima bila kusema. Akakilaza tena, akaenda kuchota maji.

Mwaka ule, 1954, karibu kila mtu wa upande ule wa ziwa alilima pamba, apende asipende. Mzungu wa kilimo alikuwa na daftari, kapita wake, msimamizi wa mashamba, alikuwa na fimbo, na ilipofika saa sita mchana nyua zote zilikuwa tupu. Mwizi angeweza kubeba nyumba nzima pamoja na paa lake asikutane na mtu ila mbuzi. Kwa hiyo hakuna aliyesikia kitu. Aliyesikia ni mtoto.

Émilienne alikuwa na miaka sita, mtoto pekee wa Georgette aliyekuwa hai. Wawili waliomtangulia walizikwa kabla ya kuota meno. Baba yake, Alphonse, alikuwa mgodini Lulimba akichimba dhahabu ya wenyewe, na alirudi nyumbani mara chache kwa mwaka. Wiki ile mtoto alikuwa na kidonda mguuni, hakuweza kutembea mpaka shambani, akawa anaachwa na bibi kizee wa nyumba ya pili ambaye masikio yake yalikuwa ya pambo tu. Jioni Georgette alisonga bukari, ugali wa muhogo, akaweka na samaki, akamwita.

"Mi nimesha kula," mtoto akasema.

"Umekula wapi?"

"Hapa. Yule mama mwenye anatwangaka saa ya jua kali, ananipatiaka bukari."

"Mama gani?"

"Jina yake sijue. Mikono yake iko na maji tu. Inatonya."

Georgette aliurudisha mwiko chunguni. Hakuuliza zaidi, kwa sababu alijua.

Hapa mimi sitamtetea. Kila mwanamke wa pale alikuwa na shimo lake la kulowekea muhogo, kwenye kijito kinachoshuka ziwani, na pembeni alichomeka kijiti chenye kitambaa cha nguo yake. Kitambaa chako kikiwa pale, hata mkwe wako hagusi. Na mwenye shimo akifa muhogo wake ungali majini, unaachwa uoze. Huo haurithiwi, haugawiwi, haupewi hata nguruwe. Watoto wanajua hivyo kabla ya kujua kusali.

Florentine, mjane aliyeishi peke yake kando ya njia, alikuwa ameloweka siku ya Jumatatu. Jumatano homa ikamuua. Usiku wa kuamkia Alhamisi mvua ikanyesha kubwa, kijito kikafurika, vijiti vyote vikaenda na maji. Asubuhi Georgette alifika mapema kuliko wenzake. Muhogo wake mwenyewe ulikuwa bado mgumu, wa siku mbili, na nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Akazamisha mkono katika shimo lililokuwa kando ya lake, akakuta muhogo laini, mweupe, tayari. Baadaye alijiambia kwamba hakuwa na uhakika lilikuwa shimo la nani. Uhakika alikuwa nao: lilikuwa la Florentine. Alijaza kikapu, akaenda kuanika, na baada ya siku nne alitwanga, akasonga, akala na mwanawe.

Siku zilizofuata mtoto aligusa chakula cha mama yake kama mtu anayegusa dawa, kisha hakugusa kabisa. Kila jioni alisema ameshiba. Alisema kwa adabu, hata na tabasamu, na mbavu zake zikaanza kuhesabika. Georgette alimpeleka dispensari. Muuguzi alimtazama ulimi na macho, akampa dawa ya minyoo. Njiani kurudi mtoto aliinama akatapika. Kilichotoka kilikuwa tope jeusi la kijito, na katika tope hilo konokono wadogo wanne, wazima, mmoja akitambaa.

Georgette aliwatazama. Alitaka kupiga kelele lakini kelele haikuja. Kuanzia pale kitu ndani yake kilifunga mlango. Alimfuta mtoto mdomo, akambeba mgongoni, akaendelea na safari, na alipofika nyumbani alichambua mboga kana kwamba kuna mlaji.

Suzanne, jirani yake, ndiye aliyemsukuma.

"Mama Émilienne, mutoto anaisha. Enda kwa Mwalimu Feruzi."

"Mi ni mutu wa misa, Suzanne."

"Na mi pia. Misa iko Siku ya Mungu. Leo ni Kiine tu, siku ya kazi. Enda."

Akaenda. Mwalimu Feruzi alikuwa mzee wa Kiislamu aliyeishi karibu na ufuko, mtu mkavu, mwenye kukohoa, ambaye watu walimwendea wakiwa wamekwisha kwenda kwingine kote. Hakupiga ngoma, hakutaka kuku. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikuna shavu.

"Usimsingizie marehemu," alisema. "Florentine amepumzika. Shimo lilikuwa lake, lakini aliyeingia ndani ni mwingine. Jini la pembezoni mwa maji hupenda kazi iliyokatika katikati. Yule mama aliloweka, hakutwanga, hakulisha mtu. Likaona nafasi. Na wewe ukalibeba kikapuni ukalikabidhi nyumba, kinu na mtoto."

"Mwalimu, nifanye nini?"

"Utwange."

"Tu?"

"Tu! Unasema tu." Akacheka mpaka akakohoa. "Chimba muhogo wa shamba lako, loweka shimo lako, anika mwenyewe, twanga mwenyewe. Kila siku linapotwanga, na wewe utwange. Anza kabla halijaanza. Usiache kabla halijaacha. Litakuja karibu, litakuchokoza, litakuhurumia. Usilijibu jambo lolote ila neno moja: bado. Jini lina nguvu kuliko wewe, mama. Lakini halina subira. Subira mmepewa ninyi."

"Na nikishindwa?"

Mzee aliangalia miguu ya mtoto iliyoning'inia kiunoni kwa mama yake. "Basi atakula kwa jini moja kwa moja."

Kesho yake Georgette hakwenda shambani. Muhogo wa shimo lake mwenyewe, alioanika siku zilizopita, ulikuwa umekwisha kukauka. Alimlaza Émilienne kwenye mkeka mlangoni, akasimamisha kinu, akaanza jua likiwa bado upande wa milima. Alitwanga peke yake kwa muda mrefu, na kichwani hamkuwa na kitu. Jua lilipofika utosini, kuku waliacha kuparua, mbuzi wa jirani akavuta kamba yake mpaka mwisho, na nyuma ya jiko ukasikika mchi mwingine. Du. Du. Du. Mzito, wa taratibu. Mtoto akafungua macho, akatabasamu kuelekea kule.

Georgette aliogopa mpaka mkojo ukamshuka miguuni. Hakuacha kutwanga. Mchi wa nyuma ya jiko ulinyamaza alasiri, naye akaongeza mapigo yake hamsini, kisha akakaa chini. Jioni alimwekea mtoto bukari. Mtoto alisema ameshiba.

Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu. Malengelenge yalitoka viganjani, yakapasuka, yakatoka mengine chini yake. Alifunga vitambaa, vitambaa vikagandamana na ngozi. Hakusikia maumivu, na hilo halikumshangaza. Suzanne alileta makopa ya Georgette mwenyewe kutoka yalikoanikwa ili kutwanga kusikose, akayaweka uani na kuondoka bila kugeuka.

Siku ya tano kapita akaja, Roger, mwenye kofia na kalamu sikioni, mtu aliyependa sana sauti yake mwenyewe. Alisikia kutwanga akiwa njiani, akaingia uani akianza kupayuka kutoka mbali.

"Bamama babili muko munatwanga, na pamba ya Leta, ya serikali, inaota majani! Leo nitawaandika wote wa..."

Akaona mwanamke mmoja. Akasikia michi miwili. Kwa sababu siku ile jini lilikuwa limetoka nyuma ya jiko. Lilitwanga kwenye kinu kilekile, likipokezana na Georgette kama wanawake wawili wanavyopokezana: wake ukipanda, ule mwingine ukishuka, na unga uliruka ndani ya kinu wakati mchi wake ungali hewani. Roger alitazama kinu. Alimtazama Georgette, ambaye hakumtazama. Akaitoa kalamu sikioni, akairudisha, akatoka kinyumenyume mpaka akagonga uzio. Hakuandika mtu siku ile, na inasemekana njia ile hakuipita tena mpaka uhuru.

Siku ya nane mtoto hakuweza kukaa. Kichwa chake kilikuwa kizito kuliko shingo. Georgette alimdondoshea tone la uji kwenye midomo yake, nalo likatiririka shavuni. Alijua kwamba kama si leo ni kesho. Alijua hivyo kwa utulivu wa mtu anayesoma tangazo ukutani. Akashika mchi.

Jua lilikuwa halijafika katikati jini lilipokuja, na safari hii halikuja kwa mshindo bali kwa harufu, ile harufu ya siku ya nne majini iliyojaa ua mzima ikaingia mdomoni mwake na kukaa juu ya ulimi, kisha pumzi ya baridi ikamgusa uso kutoka ng'ambo ya kinu, karibu sana, kama mtu anayemchungulia machoni, na matone yakaanza kudondoka juu ya unga wake, tone baada ya tone, kutoka mikono asiyoiona, na mchi wa pili ukashuka na kushuka ukiharakisha, ukitaka kumvuta nje ya mwendo wake, naye Georgette alijua, kama kila mwanamke aliyewahi kupokezana mchi anavyojua, kwamba anayepoteza mwendo ndiye anayevunjwa vidole na ndiye anayeacha. Hakuharakisha. Alitwanga mwendo wa mama yake, wa bibi yake, mwendo wa mtu mwenye kazi ya kutwa nzima.

Ndipo likasema, kwa sauti ya Florentine, yenye upole.

"Mama Émilienne, umechoka."

"Bado."

"Angalia mikono yako, pole. Pumuzika kidogo. Mi nitamalizia."

"Bado."

"We ulizika babili. Nani alikusaidia? Leta huyu, nimulishe. Kwangu halii. Lala, ndugu yangu. Lala."

Na hilo ndilo lililokaribia kumshinda. Siyo harufu wala baridi. Ni kwamba tangu alipozika mtoto wa kwanza hakuna mtu aliyewahi kumwambia apumzike. Mikono yake ilipunguza kasi. Mchi ukasimama hewani, na mlangoni mtoto akanyoosha mkono wake mwembamba kuelekea kinu, si kwa mama yake, kwa yule mwingine.

Georgette aliuona mkono ule.

"Bado," alisema, akaushusha mchi.

Akatwanga jua likigeuka, akatwanga kivuli cha jiko kikifika miguuni, makopa yakawa unga na unga ukawa vumbi, na hakusimama kuchekecha, na kila neno la upole alilijibu kwa neno lake moja mpaka sauti ikaacha upole ikatukana, ikatukana kwa Kibembe, kwa lugha za milimani, kwa lugha isiyo ya watu, kisha ikaacha kusema. Mchi wa pili ulikosea mara moja. Ukashika. Ukakosea tena, ukagonga ukingo wa kinu. Ulipiga mmoja, ukangoja, ukapiga mwingine, kama mtoto anayelazimishwa kazi. Kisha kitu kizito cha mti kikaanguka chini, Georgette akasikia kikibingirika kwenda upande wa kijito, na majani ya njiani yakalala na kuinuka.

Hakuacha. Aliongeza hamsini. Akaongeza hamsini nyingine.

Kuku mmoja akaanza kuparua.

"Mama."

Akaendelea kutwanga.

"Mama, niko na njala."

Mchi ulimtoka. Alisonga bukari kwa unga ule ule wenye vumbi, haraka, ukawa na madonge, akamega kidogo, akampa. Émilienne alitafuna. Akameza. Akafungua mdomo tena kama kifaranga, akanung'unika akiuliza samaki yuko wapi.

Georgette alifungua vitambaa viganjani ili ampe tonge lingine, na ngozi ikatoka pamoja na vitambaa. Hapo ndipo mlango ule wa ndani ulipofunguka. Akapiga yowe lililosikika mpaka kwenye mashamba ya pamba.

Wanawake wakatupa majembe. Walijua yowe la namna ile; kijijini huwa ni la jambo moja. Suzanne alitangulia mbio, kitenge kimefungwa kiunoni kwa matanga, na wengine nyuma yake wakiwa wamekwisha kuanza kulia. Waliingia uani wakasimama. Mtoto alikuwa amekaa, amejiegemeza mlangoni, mashavu yamejaa, anawatazama.

"Mama Émilienne," Suzanne akanong'ona. "Mutoto iko nakula. We unalilia nini?"

Georgette aliinua viganja vyake awaonyeshe.

"Mikono," alisema huku akilia. "Mikono inaniuma. Inaniuma sana."