Cherehani Iliyobaki Kasulu

Kasulu sikuipenda, na sikuwahi kuficha. Tulipohamia Tabora mwaka 1978 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimekaa juu ya magodoro nyuma ya lori, na sikugeuka kutazama. Miaka miwili baadaye baba, aliyekuwa fundi cherehani, alirudi huko mara moja tu kuichukua mashine yake aliyoiacha kwa jirani. Hatukumwona tena. Mama alisema amepata mwanamke. Mimi niliulaumu mji.

Kwa hiyo Julai 1996, lori letu likirudi tupu baada ya kupeleka unga kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Khamisi, dereva niliyekuwa utingo wake, aliposema tutalala Kasulu, nilinuna.

"Mkataa kwao mtumwa, Evaristi," akanicheka. Mtu wa Tanga huyo, ulimi haupoi. "Hebu katununulie mkate na betri za tochi kabla maduka hayajafungwa. Na usipotee, alfajiri tunaondoka. Au humtaki Aline wako?"

Aline ni binti yangu wa miaka sita. Nilikuwa nimemwahidi kwamba Jumapili nitakuwa nyumbani.

Jua lilikuwa linazama. Nikanunua mkate. Nikanunua betri. Kisha upepo ukashuka kutoka mlimani na moshi wa kuni za mkaratusi, na baridi ile ya kwetu ikaniingia kwenye mikono ya shati... nikajikuta nimesimama katikati ya barabara, machozi yananitoka. Mimi, niliyeapa! Nilikumbuka mteremko wa udongo mwekundu tuliokuwa tukiserereka kwa makalio hadi kaptura zinatoboka. Niliutamani mji ule kama mwenye njaa anavyotamani chakula. Nikajiambia nitapita tu, niione nyumba yetu, nigeuke.

Njiani nikaisikia.

Tak-tak-tak-tak... kimya. Tak-tak-tak-tak... kimya.

Cherehani ya miguu. Kila fundi ana mwendo wake, na huu wa kusita kila baada ya mikanyago minne ndio ulionilaza usingizi utoto wangu wote.

Haukutoka kwetu. Kwetu paliota magugu. Ulitoka nyumba ya jirani, kwa Bibi Maximilla, yuleyule ambaye baba alimwachia mashine, na mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwidiwe, Evaristi," akanisalimu kwa Kiha, polepole. "Karibu. Umechelewa."

Ningejiuliza amenijuaje, mimi mwenye ndevu sasa. Sikujiuliza. Moyo ulikuwa umejaa. Nikainama nikaingia.

Ndani palinuka ndizi zilizoiva, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya nguo iliyofungiwa sandukuni ikiwa mbichi. Mlio ulitoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Bibi alinipa kigoda, akaniletea kibuyu cha pombe ya ndizi chenye mrija.

"Kunywa, mjukuu wangu."

Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni akimtazama. Ndipo mgeni hupokea. Mama alinifundisha hilo kwa fimbo, na hata Tabora nilimwonjea Aline kila kitu, chai, uji, mpaka maji ya kunywa. Mke wangu Kezia alikuwa akinicheka. Lakini jioni ile... jioni ile nilikuwa mtoto aliyerudi nyumbani, na nani anamshuku bibi yake?

Nikavuta. Tamu. Tamu mno.

Funda la kwanza likiwa bado mdomoni, nikakumbuka. Nikalitema kiganjani.

"Bibi," nikasema. "Hukuonja."

Akatabasamu. Ndipo nikaona kwamba uso wake ulikuwa uleule wa mwaka 1978, bila kunyanzi moja zaidi.

"Baba yako hakuniuliza," akanong'ona.

Cherehani ikanyamaza.

Pazia lilikuwa wazi kidogo. Nikaona mgongo. Koti la kahawia lenye kiraka begani, kiraka nilichomwona mama akikishona kwa mkono wake. Hakugeuka.

"Baba?"

"Genda, mwana wanje," sauti ikasema kwa Kiha, kavu, ya mtu asiyezungumza siku nyingi. Nenda, mwanangu. "Genda!"

Nilikimbia. Nakiri bila kuremba: nilimwacha baba yangu mle ndani nikakimbia, na mkate nikautupa. Nyuma yangu mlio ukaanza tena.

Tak-tak-tak-tak.

Alfajiri nilimlazimisha Khamisi apitishe lori pale. Mlango ulikuwa na kufuli lililoliwa na kutu, na kizingiti kimeota nyasi. Mwajabu, mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua ng'ambo ya barabara, alituangalia tukishangaa.

"Bibi wa nyumba hiyo tulimzika mwaka themanini," akasema. "Tangu hapo halali mtu humo."

"Na cherehani?" nikauliza.

Akageuza kitumbua. "Tunaisikia. Tumezoea."

Khamisi hakutania tena mpaka Tabora. Mimi nilisukutua kwa chumvi, nikatafuna vitunguu, nikapiga mswaki hadi fizi zikatoa damu. Utamu ule haukutoka mdomoni. Lakini nilijifariji: sikumeza. Nimeokoka.

Jumapili tulifika. Aline alinirukia shingoni. Kezia akammiminia chai, nami, kama kawaida yangu, nikakipokea kikombe, nikaonja, nikampa mwanangu.

Nimeikumbuka jana tu, chai hiyo. Nilimlinda mwanangu kila siku kwa mdomo huuhuu wenye utamu ule.

Jana, jua likizama, nilimkuta amekaa uani kwenye kigoda, peke yake, uso ameuelekeza magharibi. Hajawahi kufika Kasulu. Habari za babu yake hatujawahi kumsimulia. Miguu yake midogo ilikuwa ikikanyaga ardhi. Mara nne... ikatulia. Mara nne... ikatulia.

"Aline, unafanya nini?"

Hakugeuka.

"Baba, twende nyumbani," akanong'ona. "Babu amechoka kushona peke yake."